TUFANI YA MWAKA 1872, NA WALIOLIPA HASARA YAKE

Watu wa pwani huzijua pepo kama mkulima ajuavyo majira ya kupanda. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi ya kale kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza pamoja na mvua za masika, nayo iliyarudisha kwao. Katikati ya pepo hizo mbili, hasa mwezi wa Aprili, kuna siku ziitwazo tanga mbili, ambazo upepo haujatulia upande mmoja, na nahodha mwenye busara hungoja bandarini. Hesabu hii ni ya zamani sana, tena ni ya kweli. Vizazi vingi vimeifuata, na wengi wamefika salama kwa sababu yake.

Walakini uko upepo usio na mahali katika hesabu hiyo. Nao ni tufani, ambayo siku hizi watu huiita zaidi kimbunga. Kwa kuwa hufika katika pwani yetu mara chache sana, hupita maisha ya mtu mzima asiione. Na baba asiyeiona hana la kumwonya mwanawe. Hivyo watu husema, "Mambo hayo ni ya Madagaska na Msumbiji, si ya kwetu." Ndivyo walivyodhani watu wa Unguja mwaka 1872. Habari yao yafaa kusomwa tena katika nyumba zetu, kwa sababu upepo ulivuma siku moja, bali hasara yake ilichukuliwa miaka mingi, na walioichukua zaidi si wale waliokuwa na mali.

Kwa nini tufani huja kwetu mara chache

Tufani huzaliwa baharini, mahali ambapo maji yamepata joto jingi, yapata nyuzi 26 na nusu au zaidi. Mvuke hupanda juu, hugeuka mawingu na mvua, na katika kugeuka huko hutoa joto lililokuwa ndani yake. Joto hilo huzidi kuinua hewa, na hewa nyingine hukimbia kutoka pande zote ili kujaza nafasi. Lakini haiendi moja kwa moja. Kwa sababu dunia yazunguka, hewa hiyo hupindishwa njiani, hata ikawa mduara mkubwa. Upande wetu wa kusini mwa ikweta mduara huo huzunguka kama mishale ya saa iendavyo.

Sasa, nguvu hiyo ya kupindisha hewa haipo kabisa penye ikweta, nayo huongezeka kadiri mtu aendavyo mbali nayo. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nguvu hiyo ni haba. Tufani nyingi za upande huu wa Bahari ya Hindi huzaliwa kati ya nyuzi 10 na 20, kisha hupiga visiwa vya Morisi na Reunion, au Madagaska, au Msumbiji. Hiyo ndiyo kinga yetu. Lakini msomaji aangalie sana neno tulilolitumia: tumesema mara chache, hatukusema kamwe.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872

Mwaka ule Sultani wa Zanzibar alikuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyeshika utawala mwaka 1870 baada ya kufa kwake ndugu yake Majid. Nchi ilikuwa haijapona sawasawa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimepita Unguja na pwani yote, kikaua watu wengi mno, huru na watumwa. Hata hivyo biashara iliendelea, na mali ya kisiwa ilikuwa karafuu. Mmea huo uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, na Seyyid Said, babaye Barghash, aliupanda kwa bidii na kuwahimiza wengine waupande. Kufikia mwaka 1872 mikarafuu ya Unguja ilikuwa misitu, na kati yake na bahari ilisimama minazi isiyo na hesabu.

Mvua na upepo vilianza usiku wa kuamkia Jumatatu. Walioona wingu walidhani ni masika, maana ndiyo siku zake. Lakini siku ya Jumatatu upepo ulizidi na kuzidi, hata ikawa dhahiri ya kuwa haukuwa upepo wa majira yo yote. Mikarafuu iling'olewa pamoja na mizizi yake, minazi ikavunjika, nyumba za makuti na za mawe zikapata hasara. Bandarini mambo yalikuwa mabaya vile vile. Merikebu za Sultani, zilizokuwa fahari ya utawala wake, karibu zote ziliharibika, na majahazi mengi ya wafanya biashara yalizama au kutupwa pwani. Barghash hakupata merikebu kubwa ya kuzirithi hata mwaka 1878, ilipojengwa ile iliyoitwa Glasgow. Nayo ilizamishwa kwa mizinga ya Waingereza pale pale bandarini tarehe 27 Agosti 1896.

Ng'ambo ya pili, huko Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868, na kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa. Majengo yao yaliangushwa na tufani hiyo, wakalazimika kujenga upya. Bara nako masika ya mwaka ule yalikuwa makali kupita kiasi. Henry Stanley, akirudi kutoka kwa Livingstone, alikuta bonde la Makata limekuwa kama ziwa; na alipofika Simbamwene, karibu na Morogoro, aliona mafuriko ya mto yamechukua ukuta wa mji na nyumba nyingi. Alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, majuma matatu baada ya tufani.

Unguja yaanguka, Pemba yapandwa

Yakadiriwa ya kwamba theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya Unguja ziliangamia. Msomaji asiyelima karafuu huenda asione uzito wa neno hilo. Mahindi yakiharibika, mkulima hupanda tena mvua zijazo. Mkarafuu sivyo. Mche wake wataka miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuzaa, nao haufikii nguvu zake zote ila baada ya miaka mingi zaidi. Mti ulioanguka asubuhi moja ulikuwa kazi ya nusu ya maisha ya mtu.

Lakini kisiwa cha Pemba, kilicho kaskazini kidogo, tufani haikukigusa sana. Mikarafuu yake ilisimama. Na kwa kuwa karafuu zilikuwa zimepungua sokoni, bei ilipanda. Basi wenye mali walielekeza macho yao Pemba; mashamba mapya yalikatwa katika vilima vyake, na miche ikapandwa kila mahali. Baadaye, miti hiyo ilipoanza kuzaa, karafuu zikawa nyingi kuliko haja, na bei ikaanguka, na wengi waliokopa ili wapande walijikuta wamefungwa na deni. Hata hivyo tangu hapo Pemba imekuwa ndiyo nchi ya karafuu kuliko Unguja, na ndivyo ilivyo hata leo. Mgeni ashukaye Wete au Chake Chake siku za mavuno, akanusa harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini, haelekei kudhani ya kuwa harufu ile ina asili yake katika upepo wa siku moja uliopiga kisiwa kingine.

Hasara ililipwa na nani?

Hapo yatupasa kuuliza swali moja. Mashamba yale mapya yalilimwa na mikono ya nani?

Kazi ya karafuu ni kazi ya watu wengi. Matumba huchumwa kabla hayajafunguka kuwa maua, na yakichelewa mtini thamani yake hupotea. Wachumaji hupanda miti mirefu yenye matawi mepesi. Kisha matumba hutengwa na makonyo yake, huanikwa juani siku kadhaa, na kuanuliwa upesi mvua ikitishia. Siku zile kazi hiyo yote ilifanywa na watumwa. Watu hawa hawakuwa na mkarafuu hata mmoja wa kuangushwa na tufani; na bado wao ndio waliotakiwa kuinua upya mali ya mabwana zao, kung'oa visiki, kufyeka msitu na kupanda miche, wengine wakihamishwa na kupelekwa Pemba kwa kazi hiyo.

Mambo ya utawala nayo yaliguswa. Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja, ametumwa na serikali ya Uingereza kumtaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Na katika sababu alizozitoa, moja ilikuwa tufani: watu wake wameharibikiwa na mashamba, nao wahitaji mikono ya kuyarudisha; wakinyimwa watumwa wakati ule, wataangamia kabisa. Tazama jinsi hoja hiyo ilivyokwenda. Msiba uliowapata wote ulifanywa kuwa sababu ya kuwaongezea mzigo wale waliokuwa chini ya wote.

Hoja hiyo haikusimama. Waingereza walitishia kuifunga bandari kwa manowari zao. Merikebu za Sultani, hata kama zingalikuwapo, zisingaliweza kushindana na hizo. Lakini sasa hakuwa hata na hizo. Tarehe 5 Juni 1873, mbele ya balozi John Kirk, mkataba ulitiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Penye kiwanja cha soko hilo, huko Mkunazini, jiwe la msingi la Kanisa la Kristo liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule.

Ingekuwa vema kama habari ingeishia hapo. Lakini mkataba uliikataza biashara ya baharini, haukuuondoa utumwa wenyewe. Hiyo ilingoja hata mwaka 1897. Na maadamu mikarafuu ya Pemba ilizidi kupandwa, walikuwako wenye kutaka mikono, na walikuwako manahodha wa kuileta kwa siri, usiku, katika mkondo wa Pemba. Manowari ya Waingereza iitwayo London iliwekwa bandarini Unguja tangu mwaka 1874 ili kuyazuia majahazi hayo, na mwezi wa Desemba 1881 kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika kupigana na jahazi la watumwa. Yalikuwa yamepita miaka tisa na zaidi tangu upepo ule ukome.

Habari zilizoandikwa juu ya siku ile zasema sana juu ya merikebu na mikarafuu, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa na wenyewe, tena vilikuwa na bei. Kibanda cha udongo hakina bei katika vitabu vya forodha. Shamba dogo la mihogo la mtumwa, alilolilima siku zake mbili za juma, halikuandikwa. Mtoto aliyevushwa mkondo wa Pemba usiku kwa sababu kisiwa kimoja kilipoteza miti na kingine hakikupoteza, jina lake halimo. Basi mtu akitaka kujua tufani imeharibu nini, asiwaulize wenye daftari peke yao.

Tufani zilizokuja baadaye

Wengine watasema, "Hayo ni ya zamani, na tufani ile ilikuwa ya pekee." Haikuwa ya pekee. Mwezi wa Aprili 1952, mwezi ule ule wa tanga mbili, tufani nyingine ilipiga pwani ya kusini karibu na Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iitwayo Kenneth, baada ya kupita Visiwa vya Komoro, iliingia jimbo la Cabo Delgado katika Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ikaharibu vibaya kisiwa cha Ibo na vijiji vya bara. Watu wa Mtwara walionywa wakae tayari, na kwa upande wao walinusurika. Majuma sita kabla yake tufani Idai ilikuwa imeuvunja mji wa Beira, na mafuriko yake yakaua mamia ya watu. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilikuja moja kwa moja mpaka kisiwa cha Mafia. Upepo wake ulipungua nguvu kabla ya kufika, lakini mvua zake zilibomoa barabara na madaraja upande wa Kilwa, hata Lindi na Mtwara zikakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa.

Tofauti kubwa kati ya mwaka 1872 na mwaka 2024 ni moja: onyo. Zamani mtu aliijua tufani pale ilipokwisha kumfikia. Siku hizi mduara wa mawingu huonekana kutoka juu tangu ungali mbali baharini, nao hufuatwa saa kwa saa. Kabla ya Hidaya kufika, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Lakini onyo halimfai asiyelisikia, wala asiyeliamini, wala asiye na mahali pa kwenda.

Ya kufanya nyumbani na shuleni

Kwa hiyo wenye nyumba na waalimu wanalo la kufanya kabla, wakati wa tufani, na baada yake.

Kabla. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa lifungwe imara na kuta zake, na matawi mazito juu ya nyumba yapunguzwe mapema. Mikoko ya pwani isikatwe ovyo, maana ndiyo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajaufikia mji. Nyumba zilizo bondeni zijue mapema mahali pao pa juu pa kukimbilia, kwa kuwa mara nyingi maji huua watu wengi kuliko upepo, hata mbali na bahari, kama ilivyoonekana Makata na Simbamwene. Mwalimu naye atafanya vema akiandika katika daftari majina ya nyumba za wazee, za wajane, za vilema na za wagonjwa katika mtaa wake, na kuwapangia vijana wenye nguvu kila mmoja nyumba yake ya kuangalia. Maana hao ndio wasiosikia tangazo, au walisikiao wasiweze kwenda.

Wakati wa tufani. Katikati yake pana mahali pa utulivu, paitwapo jicho. Likipita juu ya mji, upepo hukoma ghafula, na pengine jua huonekana. Wengi wamepotea hapo, kwa kudhani ya kuwa mambo yamekwisha, wakatoka kutazama mashamba na vyombo vyao. Kisha upepo hurudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili. Watoto wafundishwe neno hili shuleni hata walijue kama jedwali la hesabu: utulivu wa ghafula si mwisho wa tufani.

Baada yake. Maji ya visima yachemshwe kabla ya kunywewa, kwa maana mafuriko huchanganya vyoo na visima, na kipindupindu hufuata nyuma. Beira ilikiona mwaka 2019 katika majuma yaliyofuata tufani. Na hasara ihesabiwe kwa haki. Watu wa msaada wakija, watauliza nyumba ngapi za mabati zimeezuliwa na mashua ngapi zimevunjika. Mwalimu awaonyeshe pia yule aliyepanga chumba, yule mchumaji wa karafuu ambaye shamba si lake, na yule mama auzaye samaki ambaye mashua iliyozama haikuwa yake, bali ndiyo iliyomlisha.

Mwaka 1872 watu hao hawakuhesabiwa, na kwa kuwa hawakuhesabiwa walitwishwa. Hatuna uwezo wa kuuzuia upepo, lakini daftari limo mikononi mwetu. Wale ambao majina yao hayamo waandikwe sasa, kabla ya Aprili nyingine.